Dada Zena, Naomba Zamu Yako

Dada Zena, mke mwenzangu,

Assalaam alaikum huko uliko. Sikuulizi hali, maana ninyi mliotangulia mmeshapumzika na swali hilo. Sisi tuliobaki tupo, tunaburuza miguu. Nimekaa uani, kwenye kile kigoda chako cha kupembulia mchele, na uso nimeuelekeza mlangoni kwako. Ni alasiri. Upepo unatoka ziwani na harufu ya dagaa, ile uliyokuwa ukisema ni manukato ya wenye akili. Mzee wetu yuko chumbani kwako, amejinyoosha. Kesho asubuhi binti yako Asha anatoka kwake Katubuka na bajaji kuja kutuchukua, kwa sababu kesho Mzee anaanza dawa za saratani. Ana saratani ya kibofu cha mkojo.

Nimeliandika neno hilo. Nilidhani mkono ungekataa.

Na leo, Dada, ni zamu yako.

Asha ameniomba barua hii aisome mbele ya wengine wenye wagonjwa majumbani, nami nimemruhusu. Kwa hiyo nivumilie nikieleza mambo unayoyajua. Tulikuwa wake wawili wa mume mmoja, katika nyumba moja hapa Ujiji, vyumba viwili vinavyotazamana uani. Siku mbili Mzee alikuwa kwako, siku mbili kwangu. Aliyekuwa na zamu aliviweka viatu vyake kizingitini pamoja na vya Mzee, na mwenzake akiviona alijua mipaka yake. Miaka tisa iliyopita presha ilikuangusha jikoni, na kabla ya jua kuzama tukawa tumekuzika.

Baada ya arobaini, ilipofika jioni ya zamu yako, nilimtandikia Mzee kwangu. Akaja, akauchukua mto wake, akaanza kuvuka ua.

"Unakwenda wapi?" nikamuuliza.

Akanitazama kana kwamba nimeuliza jua linachwea upande gani. "Kwa Zena. Leo si yake?"

Shehe wa mtaa alimwita. Akamweleza kwa upole kwamba haki ya zamu hukatwa na mauti. Mzee akamsikiliza hadi mwisho, kisha akamwambia, "Shehe, mimi sikulitoa jambo hili kitabuni. Ni miguu yangu tu. Inakwenda yenyewe." Shehe akacheka, akamwombea dua, mambo yakaisha. Tangu siku hiyo, kila zamu yako ikifika, Mzee alizitoa kandambili zako chini ya kitanda, akazipangusa vumbi, akaziweka kizingitini kando ya viatu vyake.

Unajua maana ya kuishi miaka tisa na kandambili za marehemu mlangoni? Nilikuwa nikifagia ua nazizunguka. Zimechakaa kisigino cha kulia, pale ulipokuwa ukikanyagia kwa hasira. Asubuhi nilimsikia Mzee ndani akizungumza, sauti ya chini, akikupa habari za nyumbani: nani kaoa, bei ya mawese, paa la jikoni linavuja. Halafu ananyamaza, kimya cha urefu ule ule ambao wewe ungeutumia kumjibu. Wakati mwingine baada ya kimya hicho alicheka. Dada, nimekuogopa ukiwa kaburini kuliko nilivyokuogopa ukiwa na mwiko mkononi.

Na ulivyokuwa na mwiko! Siku niliyoletwa hapa ulinipokea mlangoni. Mimi Muha wa Kasulu, mwalimu kijana, sanduku la vitabu mbele na begi la nguo nyuma. Wewe Mmanyema wa mjini, umejifunga kanga kifuani, umesimama umeujaza mlango. Ukalitazama sanduku.

"Vitabu?"

"Ndiyo, Dada."

"Sufuria je?"

"Sikuleta."

"Basi karibu. Hapa mume anakula, hasomi."

Kesho yake uliniamkia "Mwakeye!" kwa Kiha chako cha kuokoteza, ukikivuta kama mtoto anavyovuta kamasi, na majirani wakacheka. Nikakujibu kwa Kiha kirefu, maneno mengi, hukuelewa hata moja. Ukaniuliza nimesema nini. Nikakwambia nimekusalimia na watu wa kwenu. Hukuamini hadi unakufa. Na mimi sikukwambia hadi leo. Nilisema una miguu mipana kama kafi la mtumbwi.

Ila ukanifundisha kula na kuishi. Nilipotoka shuleni ulinichukua pwani ya ziwa kuanika dagaa wako. Ulinionyesha waliokaushwa kwenye chanja na waliokaushwa mchangani, ukinitia mmoja mdomoni na kuniuliza, "Meno yanasema nini?" Nikisikia mchanga, ulinunua wengine. Nilisahihisha madaftari ya wanafunzi nimekaa juu ya gunia, nawe ukiwafukuza kunguru kwa jina la kila mtu aliyekuudhi wiki ile. Mvua ilipotushtukiza tulikimbia na turubai, kila mmoja kashika pembe zake, tukianguka na kucheka hadi Mzee akaacha kazi yake akaja kutazama. Alikuwa fundi wa maboti, kazi yake kukalafati, kuziba nyufa za mbao kwa pamba na lami ili boti lisivuje. Akasimama pale, mikono myeusi, sigara mdomoni. "Wake zangu wana wazimu," akamwambia mwenye boti. Alisema kwa majivuno.

Nakumbuka pia sheria yako. Uliitoa wiki ya kwanza, tunachambua mchicha. "Mwalimu, wewe na mimi tutagawana kila kitu: chumvi, kuni, hata watoto. Ila zamu yangu ni zamu yangu. Ukiona kandambili zangu kizingitini, mlango huo haugongwi." Nikasema, na yangu vilevile. Ukasema, na yako vilevile. Tukaendelea na mchicha.

Halafu ikaja ile jioni ya mwanangu Juma. Tumemaliza tu kula, degedege likamshika. Ilikuwa zamu yako, mlango umeshafungwa. Nilitoka mbio nimembeba, nikaziona kandambili, nikasimama. Nilisimama, Dada, mtoto anakakamaa mikononi, na mkono wangu haukugonga. Wewe ndiye uliyefungua. Ulisikia nyayo zangu zikija halafu zikasita. Ukaniangalia, ukamwona mtoto, ukanisukuma bega.

"Mjinga wa vitabu wewe! Ile sheria niliiweka kwa ajili ya wivu, sikuiweka kwa ajili ya msiba!"

Mkambeba wewe na Mzee hadi zahanati, mkiwa peku. Juma leo ana watoto wake. Kila nikimtazama namwona mwanamke aliyefungua mlango bila kugongewa.

Nimekuandikia habari hiyo makusudi, ili uone kwamba nilikuwa nimeshafundishwa. Linalofuata sina wa kumsingizia.

Mwaka jana Mzee alianza kufua shuka. Mtu ambaye tangu azaliwe hajawahi kulowesha leso yake mwenyewe! Na alifua za kwako tu. Kila asubuhi zamu yako inapokwisha, nilimwona nyuma ya nyumba, beseni mbele yake, sabuni ya mche mkononi, anasugua, mgongo umepinda. Nikimwambia alete nifue, alijibu, "Hii ya Zena, niachie." Akaianika upande wa ukutani, ambako sifiki.

Nilichofikiri mimi ni kwamba hayo ni mapenzi. Nilisema moyoni: tazama, mimi niliye hai hajanifulia hata kitambaa, marehemu anafuliwa shuka. Nikanuna. Nilinuna kwa miezi, mwanamke wa umri huu, mwenye cheti cha ualimu na wajukuu. Nilimpikia samaki wake, migebuka, nikamwekea mezani, nikaondoka bila kumkaribisha.

Nawe ulikuwa umeshaniambia! Siku moja tunachambua dagaa, ulisema, bila hata kuinua macho, "Mzee wetu akiumwa hasemi. Utamwona anatafuta kazi." Maneno hayo niliyasikia kwa masikio haya. Alikuwa akitoa damu kwenye mkojo, Dada. Alikuwa akiificha chumbani kwako kwa sababu ni chumba pekee duniani ambacho mimi siingii. Zamu yangu alijizuia, akijikaza, akisingizia kwenda kuswali mapema. Zamu yako ilipofika alijifungia kwako akaumwa kwa uhuru.

Na kuna alfajiri moja, hii ndiyo inayonitoa usingizini. Nilikuwa nachukua udhu. Nikamsikia akiguna ndani kwako, mguno wa mtu anayeng'ata nguo. Niliweka birika chini. Nikavuka ua hadi mlangoni. Kandambili zako zilikuwa kizingitini, zimenigeuzia visigino. Mkono niliuinua, naapa niliuinua. Kisha nikajiambia, analia, anamlilia Zena. Nikasema: mwache alie, mimi hatanililia hivyo. Nikarudi kwenye birika langu, maji yakiwa bado ya moto.

Haikuwa sheria yako iliyonirudisha. Ulishaivunja mwenyewe kwa bega lako. Ulikuwa wivu, Dada, wivu wa mtu aliye kaburini. Tangu alfajiri ile hadi nilipojua, ilipita masika nzima. Daktari hakuniambia kama masika hiyo ingebadili kitu. Sikumuuliza. Nauliza ukuta.

Nilijua siku alipoanguka. Alikuwa kwenye beseni lake, kizunguzungu kikamchukua. Nilipofika nilimkuta amekaa chini, beseni limepinduka, na maji yanatiririka kuelekea kwenye mgomba, yana rangi nyekundu ya juisi ya rosela.

"Mzee, hii nini?"

"Rangi ya shuka. Inachuja."

Shuka ilikuwa nyeupe.

Nilikaa naye pale kwenye tope, nikaushika mkono wake wenye povu. Baadaye akaniambia dukani walishampa dawa ya UTI mara kadhaa, na kwamba kila mtu siku hizi ana UTI. Asha alipofika alitugombeza wote wawili kama watoto walioiba sukari. "Baba unavuja damu mwaka mzima, na wewe Mama Mdogo uko mlango wa pili! Ninyi watu mna nini?" Ningemwambia tuna zamu?

Safari ya hospitali kule Mwanza Asha ameshakusimulia makaburini, nilimwona akienda. Walipitisha kifaa kwenye njia ya mkojo wakakwangua uvimbe, wakaupeleka kupimwa. Majibu yalisema umeshaingia kwenye msuli wa kibofu. Mzee alimwambia daktari, binti mdogo mwenye miwani, "Mwanangu, hicho kibofu ni boti kuukuu. Ukikwangua sana utatoboa." Binti akamuuliza, "Sasa fundi, boti likivuja, tunaliacha lizame?" Mzee akafikiri. "Hapana, tunaliziba." "Basi tuzibe, baba." Akakubali. Mpango wa dawa umeandikwa kule, lakini dripu atawekewa hapa Kigoma mjini, kisha analala nyumbani. Baada ya mizunguko kadhaa watamtazama tena, kama ni upasuaji au vinginevyo.

Daktari alitukalisha akatueleza, nami niliandika kwa mwandiko wa ubaoni ili nisikosee. Dawa hiyo ina nguvu. Siku za mwanzo baada ya dripu, mkojo wake na matapishi yake vina dawa ndani, kwa hiyo anayemhudumia avae glavu, nguo zake zifuliwe peke yake, choo kimwagiwe maji mengi. Anywe sana maji. Atapoteza hamu ya kula, mdomo unaweza kutoka vidonda. Halafu akanyanyua kidole: "Kubwa kuliko yote ni homa. Kinga yake itashuka. Akipata homa, hata iwe saa ngapi, hasubiri kupambazuka, aletwe. Kwa hiyo asilale peke yake. Kila usiku awepo mtu wa kumgusa paji la uso."

Tulipofika nyumbani Mzee akasema, "Siku za sumu nitakaa kwa Zena."

"Kwa Zena hakuna mtu, Mzee."

"Ndiyo maana."

"Daktari kasema usilale peke yako."

"Daktari ni mtoto. Nawe miguu yako imevimba, hata kuvuka ua unatweta. Utavaa glavu uchezee mkojo wangu? Mwalimu mzima?"

Nikamwambia basi tuache habari ya zamu, alale kwangu moja kwa moja mpaka dawa ziishe. Akakataa. Nikamwambia nihamie mimi kwako. Hapo akanikazia macho, yale macho yake ya kupimia ufa. "Zamu haiombwi kwa mume, Mwalimu. Zamu ni mali ya mwenyewe. Ukiitaka, kamwombe mwenyewe." Alisema kama mzaha, lakini hakucheka, na jana jioni alizitoa kandambili zako akazipangusa.

Ndiyo maana nakuandikia. Sikuandiki kwa huzuni, ingawa huzuni ipo. Nakuandikia ombi.

Dada Zena, nipe zamu yako. Unakumbuka uliwahi kunipa, wiki niliyofiwa na baba. Ulizichukua kandambili zako mwenyewe ukaziingiza ndani, ukasema, "Leo lala na mtu wako, mimi nina usingizi." Mwanamke akimpa mwenzake zamu yake, inahama, hiyo hata shehe anaijua. Nipe na hizi. Akipandisha homa chumbani kwako, na mlango umefungwa, na mimi nimekaa ng'ambo ya ua nikitazama visigino vya kandambili, atakufa kimya kama alivyoumwa kimya. Safari hii sitakuwa na kisingizio cha kutojua.

Wala siombi za muda mrefu. Tulipokuwa Mwanza yule binti wa miwani alinisikiliza na mimi kifua, akamwita mwenzake naye akasikiliza. Moyo umechoka, Dada. Umetanuka, wanasema, na maji ndiyo haya yanayoshukia miguuni. Asha anajua. Mzee hajui, na atakaposikia barua hii ikisomwa atanisamehe au atakasirika, vyote ni dalili ya uhai. Nataka tu nimpitishe kwenye dawa hizi. Zikiisha, na mimi niishe zangu.

Jua linashuka nyuma ya ziwa, upande wa Kongo. Naweka kalamu. Niende mlangoni.

*

Nimerudi. Chai yangu imepoa.

Nilikwenda peku, kwa sababu viatu vyangu havinienei tena. Nilipofika kizingitini niliziona kandambili zako, na sakafu ilikuwa ya baridi, na miguu yangu, niseme ukweli, sasa imekuwa mipana kama kafi. Nikazivaa. Zilinienea. Nilipopiga hatua kusogea mlangoni, kile kisigino cha kulia kikatoa mlio wake wa zamani juu ya saruji, paa, ule mlio wako wa kuja kumgombeza mtu.

Ndani, Mzee aliacha kukohoa.

"Zena?"

Hakuita kwa hofu. Aliita kama mtu aliyekuwa akisubiri, na anayesubiriwa kachelewa kidogo. Zamani jina hilo kinywani mwake lingenirudisha kwenye birika langu. Nikauinua mkono, nikagonga, mara ya kwanza katika maisha yangu kuugonga mlango huo kandambili zako zikiwa nje.

"Ni sisi," nikasema. "Fungua."

Ulipita ule ukimya wake, wa urefu ule ule anaokuachia wewe ujibu. Sijui ulimjibu nini. Kisha nikasikia kitanda kikilia, miguu yake ikijikokota, na komeo likivutwa.

Ameshakunywa uji. Godoro langu nimelivuta hadi ndani kwako, liko chini kando ya kitanda, mahali ambapo mkono wangu unafika kwenye paji lake la uso. Glavu ziko dirishani. Kanga yako bado imening'inia kwenye kamba pale pale, sijaigusa.

Kwaheri, Dada. Zamu yako nimeichukua. Nitakuja kukurudishia mwenyewe.

Mimi mke mwenzio,
Mwalimu